Jicho Ndani ya Mkate

Mapema mwaka 1954 watu watatu walipanda juu ya paa la bweni la wauguzi, kwenye kilima kinachotazama katikati ya jiji la Johannesburg. Mmoja alikuwa mwanamke mzungu, katibu muhtasi wa mhariri wa jarida la Drum. Wawili walikuwa vijana Waafrika: Arthur Maimane, mwandishi, na Bob Gosani, mpiga picha aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi. Kisingizio chao kilikuwa mandhari ya jiji. Bibi angesimama, kijana angempiga picha, maghorofa ya Johannesburg yangeonekana kwa nyuma. Katika nchi ile, Waafrika wawili peke yao juu ya paa la jengo la wazungu wangeitiwa polisi kabla hawajafungua mfuko wa kamera. Wakiwa na bibi wa kizungu walionekana watumishi waliotumwa kazi.

Lenzi ndefu ya Gosani haikuwa na haja na bibi wala na maghorofa. Chini yao ulikuwa ua wa Namba Nne, gereza la wanaume Waafrika ndani ya Ngome Kongwe ya Johannesburg. Wafungwa waliporudi kutoka kazini walivuliwa nguo zote na kupekuliwa, na upekuzi huo uliitwa tauza. Mfungwa aliruka akiwa uchi, akapiga makofi juu ya kichwa, akatanua miguu, akaachama kinywa, akageuka, ili askari jela waridhike kwamba hakuficha tumbaku wala chuma popote mwilini. Kwa mbali ungedhani ni ngoma. Wanaume wazima, baba za watu, wengi wao wakiwa wamefungwa kwa kosa la kutembea bila karatasi, walichezeshwa hivyo mbele ya vijana wenye virungu.

Gosani alishuka na picha ya mfungwa mmoja akiwa katikati ya tauza, mbele ya askari.

Picha ile ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa imeshafanywa na Henry Nxumalo, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Mr Drum. Miaka miwili kabla, Machi 1952, Nxumalo alikuwa amefichua mateso ya vibarua wa mashamba ya viazi ya Bethal. Safari hii aliamua kuingia jela mwenyewe, na kwa kioja cha mambo, siku alipotaka kukamatwa ilimbidi ahangaike. Mwishowe alisimama usiku mahali ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuwapo bila pasi, akabebwa, akahukumiwa siku tano. Alitoka na habari za vipigo, za chakula na za tauza. Mhariri wake, Anthony Sampson, alijua kitakachofuata: serikali ingekana kila neno. Neno la mfungwa mweusi dhidi ya neno la mkuu wa gereza lilikuwa na uzito gani? Ndiyo maana likatafutwa paa. Toleo la Machi 1954 lilibeba maneno na picha pamoja, na habari zikavuka mipaka ya nchi.

Kamera ya kificho ilikuwa na ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia kwenye haki. Mwaka 1886, mwaka uleule kambi ya wachimba dhahabu ilipogeuka kuwa mji wa Johannesburg, mfanyabiashara C. P. Stirn alianza kuuza kamera bapa, ya duara kama sahani, iliyovaliwa chini ya kizibao. Lenzi ilichungulia kwenye tundu la kifungo. Mtu alivuta uzi mfukoni na picha ikanaswa, sita kwa kila kioo cha ndani. Wanunuzi wake walikuwa waungwana wenye muda wa kutosha, na walichokitafuta zaidi ni mabibi waliokuwa wakipita barabarani. Huko New York mwaka 1916, Paul Strand aliweka lenzi ya uongo ubavuni mwa kamera ili ionekane inatazama upande mwingine, na kwa hila za namna hiyo akampiga picha mwanamke kipofu aliyekuwa mchuuzi barabarani. Walker Evans naye, kati ya 1938 na 1941, alipanda treni za chini ya ardhi za jiji hilo akiwa na kamera ndani ya koti, lenzi kati ya vifungo viwili, waya wa kufyatulia umepita kwenye mkono wa koti hadi kiganjani. Picha hizo alikaa nazo robo karne kabla ya kuzitoa kitabuni mwaka 1966. Mtu hakai na kazi nzuri miaka 25 kama dhamiri yake imetulia kabisa.

Vioo vilikuwa na sehemu yao katika hila hizi. Walikuwapo waliofunga mbele ya lenzi bomba lenye kioo kilicholala mshazari, wakaelekeza kamera mbele na kupiga picha ya jirani wa pembeni. Hata kamera iliyopendwa sana na wapiga picha wa magazeti wakati wa Drum, Rolleiflex yenye lenzi mbili, ilifanya kazi kwa kioo. Taswira iliingia kwa lenzi ya juu, ikapiga kioo, ikapanda hadi kwenye kioo cha ukungu kilichokuwa juu ya kamera. Mpiga picha aliishika tumboni na kuinamisha kichwa. Hakumkodolea mtu macho. Jürgen Schadeberg, Mjerumani aliyeongoza chumba cha picha cha Drum, alifundisha vijana kadhaa wa Kiafrika ufundi huo, na Gosani alikuwa mmoja wao. Kwa Mwafrika wa Johannesburg, kuweza kutazama huku umeinamisha kichwa ilikuwa faida kubwa. Kichwa kilichoinama ndicho ambacho mji ule ulitaka kukiona.

Msomaji wa pwani ana haki ya kushtuka kidogo hapa, kwa sababu picha kwake ina adabu nyingine. Unguja, watu walivaa kanzu zilizopigwa pasi, au kanga mpya, wakaenda studio, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa mwaka 1930, wakaketi, wakatazama mbele. Picha ilikuwa ahadi kati ya watu wawili. Kumwiba mtu sura bila yeye kujua ni utovu wa adabu, na mzee yeyote wa Mkunazini angesema hivyo bila kusita. Basi ni lazima mtu aulize ni nini kilichowafanya vijana wa Johannesburg, nao wakiwa wamelelewa katika heshima zao, waifiche kamera.

Jibu linaanzia kwenye karatasi. Wakenya wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa kipande: sheria ya 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba cheti chenye alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Afrika Kusini ilikuwa na kipande chake, na ikakishupaza wakati Kenya inakiacha. Sheria ya 1952 ilikusanya pasi zote katika kitabu kimoja, ambacho wenyewe walikiita dompas, chenye picha ya mwenye kitabu, jina la mwajiri na saini yake. Mtu alipigwa picha na serikali ili serikali iweze kumsimamisha popote. Hapo hapakuwa na kizibao wala lenzi ya uongo. Kamera ya serikali ilikutazama usoni.

Ofisi ya pasi ya Johannesburg ilikuwa Albert Street namba 80, Marshalltown, kusini mwa katikati ya jiji. Foleni zilianza alfajiri. Mtu aliingia akiwa na tumaini la muhuri wa kukaa mjini, na angeweza kutoka na muhuri wa kuondoka ndani ya saa 72. Jengo hilo lilidumu. Baada ya enzi ya ubaguzi wa rangi liligeuzwa makazi ya wanawake waliokimbia ukatili, kisha likatelekezwa, likajaa wapangaji waliogawana kumbi kwa mbao na mapazia. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 liliwaka moto. Watu 76 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo Wamalawi wengi na Watanzania, vijana waliokwenda Bondeni, yaani Afrika Kusini, kutafuta maisha kama wanavyokwenda maelfu. Mlango ambao Mwafrika wa 1954 aliombea kibali cha kuishi mjini ulikuwa huohuo. Anayepita Albert Street anapaswa kulijua hilo.

Mtu aliyeijua Johannesburg hiyo kuliko wengi ni Peter Magubane. Alizaliwa Vrededorp mwaka 1932, akakulia Sophiatown, na katikati ya miaka ya 1950 akaingia Drum kama dereva. Aliwaendesha waandishi, akasafisha filamu katika chumba cha giza, akajifunza, akapewa kamera. Mwaka 1956 alipiga picha ambayo dunia nzima imeiona: mtoto wa kizungu ameketi kwenye benchi lililoandikwa kuwa ni la Wazungu tu, na yaya wake Mwafrika amekaa upande wa nyuma wa benchi hilohilo, mikono yake ikimfikia mtoto. Picha hiyo aliipiga waziwazi, barabarani. Nyingine hazikuwezekana hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa vijijini karibu na Zeerust, magharibi ya Johannesburg, walikataa pasi, wakafikishwa mahakamani. Waandishi wakazuiwa. Magubane alinunua mkate, akaukomba ndani, akaweka Leica mle. Alisogea akila. Akimega kipande, akitafuna, akifyatua. Anayekula hashukiwi, njaa ya kibarua ilikuwa jambo la kawaida machoni pa polisi kiasi kwamba hawakuiona. Mkate ulipokwisha, kwa sababu mkate ulioigizwa kuliwa lazima uliwe kweli, alihamia kwenye paketi ya maziwa. Mara nyingine alitumia Biblia, kurasa zimekatwa katikati, waya wa kufyatulia mfukoni.

Inafaa kuitazama hila hii kama ufundi, maana imesimuliwa mno kama ujanja wa kuchekesha. Kamera iliyo ndani ya mkate haina macho ya mtu nyuma yake. Mpiga picha hawezi kuchungulia wala kuzungusha lenzi kutafuta ukali wa picha. Inambidi akadirie umbali kwa hatua, apange lenzi kabla ya kufika, ajue mwanga wa mahali kwa ngozi yake, kisha auelekeze mwili wake wote pale anapotaka picha iende. Kidole kikitetemeka, picha imekwenda. Mlio wa kamera nao ni hatari, na hapo Leica, ambayo mlio wake ni mdogo, ilistahili bei yake. Waliofanya kazi hivi walipoteza picha nyingi kwa kila moja iliyookoka. Na adhabu ya kukosea haikuwa picha mbovu tu. Magubane alikamatwa mwaka 1969, akakaa muda mrefu katika chumba cha upweke, kisha mwaka 1970 akapigwa marufuku kushika kamera kwa miaka mitano. Mwaka 1976, katika maasi ya wanafunzi, polisi walimvunja pua. Alifariki tarehe 1 Januari 2024, akiwa na miaka 91, baada ya kuwa mpiga picha rasmi wa Nelson Mandela tangu alipotoka gerezani hadi uchaguzi wa 1994.

Aliyeifikisha kamera ya kificho mbali kuliko wote alikuwa mdogo kwa Magubane kwa miaka minane. Ernest Levi Tsoloane Kole alizaliwa Eersterust, Pretoria, mwaka 1940. Familia yake ilihamishwa kwa nguvu, mtaa ukavunjwa. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye bidii ya kuogofya. Kitabu cha Henri Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow kilimwonyesha kwamba kitabu kizima kinaweza kujengwa kwa picha za maisha ya kila siku, na akaamua kufanya hivyo juu ya watu wake. Tatizo lilikuwa palepale: Mwafrika mwenye pasi hakuweza kuzunguka. Akabadili jina likawa Cole, akajipeleka mbele ya maofisa waliopima rangi za watu, akajibu maswali yao, akatoka ameandikwa kuwa chotara. Kuanzia hapo hakudaiwa pasi. Kabla ya kuificha kamera, Cole alianza kwa kujificha mwenyewe.

Johannesburg ndiyo ilikuwa uwanja wake. Alipiga picha mabehewa ya treni yaliyojaa watu hadi wengine wakaning'inia nje, watu waliofungwa pingu wakiulizwa pasi, watumishi wa ndani katika vibanda vya uani. Barabarani mjini alinasa vijana wakimchomolea mzungu pochi, mkono mmoja ukiwa chini ya kidevu cha mtu huyo, ambaye hajui kwamba mfuko wake wa nyuma unapekuliwa. Hakuna aliyemwona Cole. Aliifanya kamera ionekane kama kitu cha mpita njia yeyote, na alikuwa na subira ya kusimama mahali pamoja mpaka watu wakamsahau.

Kisha akaingia mgodini.

Wachimbaji wa dhahabu walikuja Johannesburg kwa mkataba, na wengi wao waliletwa na shirika la kuandikisha vibarua, WNLA, jina ambalo kusini na mashariki mwa bara lilitamkwa Wenela. Wenela haikuwa habari ya mbali kwa Watanganyika. Wanaume kutoka nyanda za juu kusini, Wanyakyusa wakiwa wengi, waliandikishwa huko, wakasafirishwa, wakashushwa chini ya ardhi ya Johannesburg, mpaka Tanganyika ilipojitawala na milango hiyo ikafungwa. Hapo nyumbani neno la kibarua wa mkataba lilikuwa manamba, mtu aliyegeuzwa namba. Kabla ya hapo, mwaka 1913, serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilisimamisha uandikishaji wa watu kutoka kaskazini mwa latitudo ya 22, kwa sababu walikuwa wakifa kwa nimonia kwa wingi wa kutisha. Miaka ya 1930 marufuku ikaondolewa. Dhahabu ilihitaji mikono.

Kila aliyeandikishwa alipimwa afya. Cole aliingia na mfuko wake wa karatasi wa chakula cha mchana, kamera ikiwa ndani, chakula kikiifunika. Picha iliyotoka mle ni safu ya wanaume walio uchi, wamesimama wakielekea ukutani, mikono wameinua, nguo zao zimerundikwa miguuni. Hakuna anayetazama nyuma. Kwa mtoto wa Rungwe au Tukuyu, anapoitazama safu hiyo leo, si jambo la kufikirika tu kwamba babu yake naye aliwahi kusimama katika safu kama hiyo.

Katika picha hii liko jambo linalowatenganisha vijana wa Johannesburg na waungwana wa kizibao cha Stirn. Lugha ya Kiswahili inaweka ficha na fichua katika mzizi mmoja, na kazi ya Cole imesimama katikati ya maneno hayo mawili. Wale waungwana walijificha wasionekane wakichungulia wanyonge kuliko wao, au wanawake ambao hawakuwa na la kufanya. Cole na Gosani walijificha mbele ya wenye nguvu, waliokuwa wamejenga kuta ili yasionekane. Upande ambao lenzi inaelekea ndio uliokuwa hoja. Hata hivyo haitakuwa haki kuishia hapo. Yule mfungwa wa Namba Nne hakuombwa ruhusa. Aliachwa uchi na askari, kisha akaachwa uchi na gazeti, mbele ya wasomaji wa nchi nyingi. Cole aliwachukua wachimbaji wake kwa mgongo. Nyuso zao zilibaki mali yao. Kati ya picha hizo mbili, ya Cole ndiyo yenye staha kubwa zaidi, na staha hiyo haikuipunguzia ukali hata kidogo. Picha ya Gosani ilihitajika, na inabaki na deni kwa mtu yule ambaye hakutajwa jina.

Nyakati nyingine kilichofichwa ni mshono. Desemba 1956 watu 156 walikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na kesi ikaanza kusikilizwa Drill Hall, katikati ya Johannesburg. Eli Weinberg, mpiga picha na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, mzaliwa wa Latvia, alitaka picha moja ya washtakiwa wote. Akapanga kuwakusanya Joubert Park, hatua chache tu kutoka hapo. Msimamizi wa bustani akakataa: weusi na weupe pamoja katika bustani yake, hapana. Weinberg aliwapiga picha kwa makundi, kisha akaunganisha makundi hayo chumbani kwake mpaka yakawa umati mmoja. Picha hiyo imeenea duniani kama kumbukumbu ya siku ambayo haikutokea. Mwaka 1961 alimpiga picha Mandela, wakati huo akisakwa na polisi, akiwa amevaa shanga za Kithembu. Baada ya maasi ya 1976 Weinberg alikimbia nchi, akapokewa Dar es Salaam, na huko alifariki mwaka 1981.

Serikali ilielewa vizuri sana kilichotendeka juu ya lile paa la wauguzi. Sheria ya Magereza ya 1959 ilifanya kuwa kosa kupiga picha au kuchora gereza au mfungwa bila ruhusa. Ilifanya pia kuwa kosa kuchapisha habari za uongo kuhusu magereza, na ikamtwika mchapishaji mzigo wa kuthibitisha kwamba alichukua hatua za kutosha kuhakikisha ukweli. Paa likafungwa kwa sheria. Gazeti la Rand Daily Mail lilipochapisha mwaka 1965 masimulizi ya hali za magereza, mhariri Laurence Gandar na mwandishi Benjamin Pogrund waliburutwa mahakamani kwa miaka, na mwaka 1969 wakatiwa hatiani. Tangu hapo wahariri wengi walijikagua wenyewe kabla hawajakaguliwa.

Henry Nxumalo hakuyaona hayo. Aliuawa kwa visu usiku wa mwaka mpya wa 1957, akiwa katika uchunguzi mwingine. Gosani alifariki mwaka 1972, hajafika miaka 40.

Cole naye alinaswa mwaka 1966. Alikamatwa pamoja na vijana wezi aliokuwa akiwapiga picha, na polisi wakamwekea njia mbili: awe mpelelezi wao au apelekwe jela. Wakamtaka jicho lake lilelile, lakini ligeuzwe upande. Akaomba hati ya kusafiri kwa kisingizio cha kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, akaondoka, na negativu zake zikavuka mpaka. Mwaka 1967 kitabu chake, House of Bondage, kilitoka New York. Nyumbani kilipigwa marufuku. Watu waliokuwa ndani ya picha hizo hawakuruhusiwa kuziona.

Marekani hakupata amani. Alipiga picha Harlem na majimbo ya kusini, akapoteza kamera, akalala vituoni. Alifariki kwa saratani tarehe 19 Februari 1990, siku nane baada ya Mandela kutoka gerezani. Ilidhaniwa kwamba sehemu kubwa ya kazi yake imepotea, mpaka mwaka 2017 ilipokabidhiwa kwa jamaa zake shehena ya negativu zipatazo 60,000 iliyokuwa imehifadhiwa katika benki ya Stockholm, Sweden. House of Bondage kilichapwa upya mwaka 2022, kikiwa na sura ambayo Cole aliiacha nje mwanzoni, ya wachoraji, wanamuziki na wacheza dansi. Sura hiyo ni ya furaha. Ni vizuri imerudi.

Kwenye kilima, Namba Nne lilifungwa mwaka 1983. Gandhi alipita katika gereza hilo, Sobukwe, kiongozi wa kupinga pasi, alipita, na watu wengi zaidi wa kosa la pasi ambao hakuna aliyeandika habari zao. Jengo la mahabusu lilibomolewa, na matofali yake yakatumika kujenga Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa hapo mwaka 2004. Februari 2021 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika kesi ya kituo cha uandishi wa uchunguzi amaBhungane, ambacho mwandishi wake Sam Sole alikuwa amesikilizwa simu zake na dola. Majaji walisema sheria ya kunasa mawasiliano ina kasoro za kikatiba, mojawapo ikiwa ni kwamba aliyepelelezwa hakuambiwa kamwe, hata baada ya upelelezi kwisha. Waandishi walitakiwa walindwe zaidi. Bunge likapewa miaka mitatu kurekebisha.

Ukumbi ambamo hukumu hizo hutolewa una ukanda mrefu wa kioo ukutani, nyuma ya viti vya majaji. Kwa ndani kioo hicho kiko usawa wa macho. Kwa nje kiko usawa wa ardhi. Aliyeketi kwenye viti vya wasikilizaji anawaona majaji, na juu ya vichwa vyao anaona miguu ya watu wanaopita nje: raba, kandambili, buti za kazi.